Shahidi wa Udongo

Sheikh Shihata alikuja na kitunguu. Alikibeba waziwazi mkononi, akipita kando ya shimo lote walimoinama watu wa Kafr Santi, ili kila mtu akione na aone anapelekewa nani. Akapanda tuta mpaka kwenye kibanda cha matete cha Mitwali, akakiweka kitunguu chake mbele ya Khadra, mkewe Mitwali, bila salamu ya maana wala pole kwa mgonjwa. Kitunguu kimoja, tena kimeanza kuchipua. Khadra alikitazama, kisha akamtazama aliyekileta, akajua papo hapo kwamba mzee huyu amekuja kuomba jambo la aibu.

Mitwali alikuwa amelala kwa ubavu, homa ikiwa siku ya nne. Wiki saba alikuwa amesimama ndani ya maji ya tope mpaka kiunoni, akichota udongo kwa viganja, kwa maana majembe yaliyoletwa yalikuwa ya kuhesabika na yalikwenda kwa vijiji vilivyojua kuhonga. Pasha, mtawala wa Misri, alitaka mfereji wa kupitisha majahazi yake ya ngano kutoka mtoni hadi Iskandariya. Aliyetaka mfereji ni Pasha, na waliofungwa kamba shingoni wakaburutwa kutoka mashambani kwenda kuuchimba ni watu kama Mitwali, na wake zao, na mama zao. Khadra hakuwa na haja na majahazi. Haja yake ilikuwa moja tu, kumrudisha mumewe Kafr Santi kabla homa haijammaliza.

Sheikh, mkuu wa kijiji chao, alikaa kitako, akakunja kanzu yake isiguse tope. Alianza kwa mbali, akaukumbuka mnara wa njiwa aliojengewa na Mitwali, miaka saba sasa na haujapata ufa hata mmoja. Halafu akaingia kwenye shahidi.

Shahidi ilikuwa nguzo ya udongo iliyoachwa bila kuchimbwa katikati ya kila kipande, kichwani ikiwa bado na nyasi za ardhi ya zamani. Watu walichimba pande zote kuizunguka, na mkaguzi alipokuja aliipima kutoka nyasi hadi chini, akajua wamefika kina gani. Kila kijiji kilidaiwa dhiraa kumi. Kipande cha Kafr Santi kilikuwa na chemchemi, kila kilichotolewa mchana kilirudi usiku, na shahidi wao hakupita dhiraa tisa.

"Upimaji ni Alhamisi," sheikh alisema. "Atakayefikisha kumi anafungasha siku ile ile. Asiyefikisha anapewa kipande kingine. Wewe unaujua udongo, Mitwali. Muongeze urefu kidogo kwa juu."

"Huo ni ushahidi wa uongo, Sheikh."

"Udongo hauapi, kijana wangu. Hauna ulimi."

Mitwali aligeukia matete. Sheikh akamtazama Khadra, kana kwamba sasa zamu ni yake. Na Khadra, ambaye siku nyingine angemrushia mzee yule kitunguu chake usoni, alijikuta akisema maneno ambayo baadaye alitamani angeyatafuna.

"Fanya, Mitwali. Dhiraa moja tu. Kipande kingine wewe hukiwezi, na mimi sikuja huku kurudi peke yangu."

Mitwali aligeuka tena kuwatazama. Kisha akaomba ainuliwe, na Sheikh Shihata akasimama akajipangusa magoti, akasema Mungu atawalipa. Kitunguu Khadra alimpikia mama mkwe wake, yeye mwenyewe hakukionja.

Walifanya kazi ile mchana wa Jumanne, jua la saa sita, walinzi wakiwa wamelala chini ya hema. Wanaume wa kijiji waliizunguka nguzo kama watu wanaopumzika, wengine wakijifanya kula. Mitwali alipandishwa kwenye mabega ya wawili waliosimama juu ya lundo la udongo. Akalibandua lile tabaka la nyasi zima zima, kama mtu anavyoinua mkate kutoka tanurini, akampa Khadra alishike. Kisha akajenga. Hakutia majani makavu kwenye udongo kama anavyofanya kwenye minara, kwa sababu ardhi ya Mungu haina majani yaliyokatwakatwa. Alichanganya mchanga kidogo hapa, vijizizi kidogo pale, akaacha hata shimo la mnyoo. Alikuwa anatetemeka mwili mzima lakini mikono imetulia, na Khadra alimwonea fahari, jambo lililomshangaza mwenyewe.

Palikuwa na tatizo moja dogo. Siku ya kwanza kabisa, Mama Mitwali alikuwa ameisogelea ile nguzo mbele ya kijiji kizima na mbele ya mkaguzi mwenyewe, akaichomekea ushanga wa buluu wa kukinga jicho baya, upana wa kiganja kimoja chini ya nyasi. Mkaguzi alicheka sana, akasema shahidi wa Kafr Santi kavaa hereni. Ushanga ule ulikuwa ungali palepale, na sasa juu yake pamekuja dhiraa nzima ya udongo mpya.

Khadra alimwambia mumewe aung'oe auchomeke juu zaidi.

"Kinga iliyotiwa na mama yangu siing'oi," Mitwali alijibu. "Ukiing'oa umelifungulia jicho mlango. Naufunika tu. Utatulinda ukiwa ndani."

Hakuna aliyebisha. Wanaume wanane walikuwa pale, kila mmoja alikuwa amezaliwa na ushanga kama ule ukining'inia juu ya kichwa chake, na hakuna hata mmoja ambaye angethubutu kuugusa. Mitwali aliupaka udongo mwembamba juu, akausawazisha kwa kidole gumba, akarudisha nyasi kichwani. Mama Mitwali hakuwepo. Alikuwa ameenda kutafuta mboga za porini, na aliporudi walikubaliana wasimwambie kitu, kwa sababu bibi yule hakuwahi kukaa na siri mpaka jua lizame.

Alhamisi watu waliamka wamefungasha. Vikapu vilikuwa vimefungwa, mikeka imekunjwa, na Sheikh Shihata amekwisha mtandika punda wake. Dilawar Afandi, mkaguzi, alikuja juu ya farasi wake wa kijivu, na karani akateremka na ufito wa kupimia. Karani alipima mara mbili, akatangaza dhiraa kumi. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka kwa raha, akakanyagwa mguu.

Afandi hakuondoka. Alikaa juu ya farasi akiitazama ile nguzo kama mtu aliyesahau neno.

"Yuko wapi yule bibi wa hereni?" akauliza.

Mama Mitwali alijitokeza akiweka ushungi wake sawa. Uso ulikuwa umemng'aa. Mkubwa kama yule, mwenye vijiji sitini vya kukagua, kamkumbuka.

"Nipo, bwana."

"Ushanga wako umekwenda wapi?"

"Umo mlemle nilimoutia, bwana. Nani athubutu kuutoa?"

Afandi alishuka, akawekewa ngazi, akapanda. Alipapasa kiganja kimoja chini ya nyasi, hakuona kitu. Akachomoa jambia, akaanza kukwangua kushuka chini taratibu, huku watu wakitazama ncha ile kama ilikuwa inapita kwenye ngozi zao. Dhiraa moja chini ya pale ulipostahili kuwa, rangi ya buluu ikatokeza.

Akateremka akicheka mpaka akajishika kwenye tandiko la farasi. Kisha akasema kwamba farasi wake anakula shayiri kila siku na hajapata kurefuka hivyo. Halafu kicheko kikakatika.

"Nani kafanya?"

Wanaume wanane walitazama vidole vyao vya miguu. Sheikh Shihata alisafisha koo. Alisema yeye siku zile alikuwa katika sala na shughuli za kijiji, hana habari, lakini kwa mtu mwenye macho kazi ile ni ya mjenzi wa minara ya njiwa, na mjenzi wa minara ya njiwa hapa ni mmoja. Akanyoosha mkono, mkono uleule uliobeba kitunguu.

Khadra alifungua kinywa. Mitwali, aliyekuwa ameegemea bega lake, alimbana mkono. Alijua kwamba sheikh ndiye anayegawa mashamba kila mwaka maji ya mto yakishuka, na kwamba nyumba itakayomtaja leo haitapewa hata kipande cha kupanda vitunguu. Khadra akafunga kinywa chake. Walinzi wakamlaza Mitwali chali, wakamfunga nyayo kwenye gogo, wakamchapa kwa kiboko mpaka karani akachoka kuhesabu. Mama yake alikuwa anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ni yeye aliyeutia, ni yeye, wampige yeye. Hakuna aliyemsikiliza.

Ushanga Afandi aliufunga kwenye hatamu ya farasi wake. Kijiji kikapewa kipande kingine.

Tangu siku ile Mama Mitwali akaitwa Mama Ushanga. Walianza wanawake kisimani, wakafuata wanaume, mpaka watu wa vijiji vya jirani, ambao hawakujua hata kisa chenyewe, wakawa wanalitumia jina. Mwanamke mmoja aliyeitwa Nagia ndiye aliyekuwa hodari zaidi. Kila Mama Mitwali alipofika na mtungi wake, Nagia alisogea pembeni kwa adabu kubwa na kuwaambia wenzake wampishe, asije akaubariki mtungi wa mtu.

"Mngekuwa mnalala kwenu leo," alimwambia Khadra siku moja. "Sote tungekuwa kwetu. Mwanangu ana miezi minne, ananyonya tope."

Khadra alimjibu kwamba maneno hayo ampelekee mwenye punda. Nagia akasema mwenye punda hakuchomeka kitu popote. Wakatazamana vibaya, kila mmoja akaondoka na maji yake.

Watu wa kijiji walikuwa wamewachukia vibaya akina Mitwali. Mikate ilipogawiwa, fungu la nyumba ya Mitwali lilikuwa la mwisho na lililovunjika. Kwenye mstari wa kupokezana vikapu, mtu aliyekuwa nyuma ya Khadra alimwachia kikapu kabla hajakishika vizuri, kikamwagika, wote wakamlaumu yeye. Lakini hawakumchukia sheikh. Walimtaja kwa sauti ya chini na walimwamkia asubuhi, kwa sababu mashamba yalikuwa mkononi mwake, na chuki ya watu hupenda kukaa mahali isipoweza kuumizwa.

Mitwali hakuweza tena kusimama, akachimba kwa magoti. Alikuwa akiteremshwa alfajiri na kupandishwa jioni, na nyayo zake zilizopasuka zikalowa kwenye tope lile mchana kutwa. Siku ya sita zilianza kunuka. Khadra alizifunga kwa kitambaa cha ushungi wake, akafua kitambaa, akakirudisha. Alimwomba msamaha mara moja tu, na Mitwali akamwambia aache upuuzi, mnara ule wa juu ya shahidi aliujenga yeye na ulikuwa mzuri.

"Ulisimama vizuri au haukusimama?"

"Ulisimama."

"Basi."

Kipande kile cha pili hakikuwa na chemchemi, na watu walichimba kwa hasira. Jumatano, siku ya kumi na tatu, karani mdogo alipita akasema kesho Afandi anakuja kupima. Kwenye saa saba mchana Mitwali aliweka paji la uso kwenye ukuta wa udongo kama anayepumzika, na hakuliondoa.

Sheikh Shihata alikuja upesi, safari hii mikono mitupu. Alisema ameshachagua mahali, kwenye tuta, upande wa chini, udongo bado laini. Khadra alisema Mitwali atazikwa Kafr Santi, karibu na baba yake. Mwendo ulikuwa wa siku moja na nusu.

Sheikh alitikisa kichwa kwa huruma. Watu wanne kubeba, alisema, hawezi kuwaondoa kazini usiku wa kuamkia upimaji. Tena haina haja. Aliyekufa katika kazi kama hii ni shahidi mbele ya Mungu, na shahidi haoshwi wala hasafirishwi, huzikwa palepale alipoangukia. Alilisema neno lile kwa utamu, akitazama walio karibu waone jinsi mumewe alivyotukuzwa.

"Shahidi huulizwa," Khadra alisema. "Mume wangu aliulizwa na nani? Hakusema neno, wewe ukasema badala yake."

"Khadra, chunga."

"Hawa mashahidi wenu wote ni wa udongo. Huyu ni mtu. Simtii kwenye tuta mkafanye njia ya kuvutia majahazi juu ya kifua chake."

Sheikh aliondoka akisema kesho baada ya upimaji atazikwa kwa nguvu. Khadra na Mama Mitwali walimwosha wenyewe. Hakuna aliyekuja kuwasaidia. Walimlaza kwenye mkeka, wakamfunika kwa kanzu yake, na bibi kizee akakaa kichwani kwake akimfukuzia nzi. Khadra hakulia. Alikuwa anafikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyopoa.

Asubuhi karani alipima, akatangaza dhiraa kumi. Hakuna aliyecheka nyuma. Dilawar Afandi alizunguka nguzo, akapanda ngazi, akakwangua juu, akakwangua katikati, akafuta jambia kwenye paja.

"Yule fundi wenu yuko wapi?"

"Amefariki jana, Afandi," sheikh alisema kwa unyenyekevu.

"Amefariki kabla ya kumjenga shahidi huyu, au baada?"

Watu walitazamana. Sheikh aliapa kwa Mola na kwa kaburi la walii wa kijiji kwamba shahidi huyu ni wa kweli. Afandi alimsikiliza kama mtu anayesikiliza chura. Akasema yeye kiapo cha mzee huyu hakinunui hata kwa punje. Anataka neno la nyumba ya yule fundi, kwa sababu nyumba ile haijui kuficha kitu. Akacheka, na walinzi wake wakacheka.

Khadra akaitwa. Alipita katikati ya watu wa Kafr Santi, na watu waliokuwa wakimmwagia vikapu wakampisha, wakimtazama machoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alisimama kando ya nguzo.

"Haya, mama. Huyu ni wa kweli?"

"Jibu ninalo, Afandi. Lakini kwanza nina maiti."

Akasema anachotaka. Mitwali arudishwe Kafr Santi leo hii. Wanaume wa kijiji wambebe, na pembe ya mbele, upande wa kulia, abebe Sheikh Shihata.

"Mwanamke amerukwa na akili kwa msiba," sheikh aliingilia. "Afandi asimsikilize."

"Basi," Khadra alisema. "Nimerukwa na akili. Sijui chochote kuhusu udongo. Kipande kingine kiko wapi tukaanze?"

Kijiji kizima kilivuta pumzi. Afandi alikuwa ameanza kufurahia asubuhi yake.

"Kwa nini abebe yeye, mzee wa watu?"

"Kwa sababu kitunguu alileta yeye."

Afandi hakuelewa, akamgeukia sheikh. Sheikh alisema haelewi pia, mwanamke anaota. Akawageukia watu wake wamsaidie. Wale wanaume wanane walikuwa pale, na kila mmoja alitazama mahali pengine. Kisha Nagia, mtoto wake mgongoni, akasema kutoka nyuma bila kupaza sauti.

"Kitunguu tulikiona sote. Alikipitisha mbele yetu kikiwa mkononi. Na Jumanne yake ndiyo shahidi akarefuka."

"Mimi ndiye niliyempa bega," mwanamume mmoja akasema. "Sheikh alituamuru." Na mwingine akasema ndivyo, na wa tatu.

Afandi alimtazama sheikh juu mpaka chini, akasema angeweza kumfunga kwenye gogo sasa hivi, lakini mtu aliyetoka kwenye gogo hafiki Kafr Santi. Achague. Kubeba, au kubaki na watu wake kwenye kipande kipya. Sheikh aliwaangalia watu wake tena, akaona kwamba hakuna chaguo, akatikisa kichwa kukubali.

Khadra aliweka kiganja chake kwenye udongo.

"Huyu ni wa kweli," alisema. "Mume wangu alimchimba kwa magoti."

Afandi akamwambia karani aandike kumi, akapanda farasi. Hapo Mama Mitwali alimsogelea, akaishika hatamu, walinzi wakashtuka.

"Na ushanga wangu," alisema.

Afandi alisita, kisha akaukata kwa jambia akautupa. Uliangukia kwenye tope. Bibi kizee aliinama, akautafuta kwa vidole bila haraka, akausafisha kwa ushungi, akaenda kuufunga kwenye mkono wa mwanawe.

Machela waliifunga kwa zile kamba walizofungwa shingoni walipoletwa. Punda wa sheikh alikuwa amekwisha tandikwa, na kwa kuwa mwenyewe hakumhitaji tena, Khadra alimpandisha Mama Mitwali. Wakaondoka kwa kufuata mto.

Kama ilivyo desturi, kila walipopita kijiji, wanaume waliacha walichokuwa wakifanya wakaikimbilia machela, kila mtu atie bega hatua chache apate thawabu. Wabebaji watatu walipokewa, wakapumzika, wakanywa maji, wakapokewa tena. Lakini kila mtu alipoelekea pembe ya mbele, upande wa kulia, Khadra alimwekea mkono.

"Hapo pana mwenyewe," alisema. "Thawabu hizo hagawani na mtu."

Kanzu ya sheikh ilikuwa imelowa tope mpaka magotini. Jua lilipofika utosini begani pake palikuwa pamechubuka, na pumzi yake ilisikika mpaka nyuma walikokuwa wanawake. Nagia alikuwa anatembea kando ya Khadra sasa, akimsaidia mzigo bila kuulizwa, na Khadra hakumshukuru wala hakumfukuza. Alisikia sheikh akiita jina lake, akasogea mbele mpaka wakawa bega kwa bega.

"Khadra, mwanangu," alisema kwa shida. "Mpaka wapi?"

"Mpaka uone mnara wako wa njiwa."

Mnara ule haukuonekana mpaka kesho yake adhuhuri.